Mama ana CD 60: anunuliwe redio gani?

Swali la msomaji: "Shikamoo mzee. Mama yangu ana miaka 74, anaishi Pangani. Redio kaseti yake imekufa katikati ya Ramadhani. Ana CD kama 60 za taarabu, kaswida, mawaidha na Kurani, nyingine za dukani, nyingine alichomewa na wajukuu. Anataka redio moja ndogo ya kuweka juu ya kabati la vyombo, ishike stesheni na ipige CD zake, basi. Nina laki 3. Mume wangu anasema CD zimepitwa na wakati, nichukue sabufa yenye flashi na bluetooth. Kariakoo nimeona moja, mtumba wa Japani, nzuri kama mpya, jamaa anataka laki na 20. Niichukue?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo ya Kariakoo, maana najua ndiyo inayokuwasha. Usiichukue. Au tuseme, usitoe hela kabla hujaigeuza ukasoma mgongo wake.

Nyuma au chini ya kila redio kuna kibandiko cha umeme. Cha hiyo yako karibu na hakika kimeandikwa AC 100V, kwa sababu umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Muuzaji ataiwasha mbele yako kupitia transfoma iliyofichwa chini ya meza, italia vizuri, utalipa, utaipakia kwenye basi la Tanga, na siku ya pili mjukuu mmoja ataichomeka ukutani moja kwa moja. Mimi ni fundi redio, nimeletewa nyingi za namna hiyo. Mzee mmoja aliniambia yake ilinuka kabla haijasema neno. Hilo lina dawa: unanunua transfoma ya kushusha umeme, ila uhakikishe inatoa 100 na si 110, maana nyingi zinazouzwa ni za vitu vya Marekani. Tena ujue kwamba kwenye nyumba yenye wajukuu, transfoma haikai mahali pamoja wiki nzima.

Kisicho na dawa nyepesi ni masafa. FM yetu inaanzia megahezi 87.5 na kuishia 108. Ya Japani inaanzia 76, na redio zao nyingi za zamani zinaishia 90. Piga hesabu mwenyewe: kati ya megahezi 20 na nusu za FM yetu, redio hiyo inashika 2 na nusu tu za mwanzo. Zilizotengenezwa miaka ya karibuni zinafika 95, kwa sababu Wajapani walipozima televisheni ya analojia mwaka 2011 ilipatikana nafasi, na baadaye kipande cha 90 hadi 95 wakapewa watu wa redio. Bado haitoshi. Ndiyo maana ukiiwasha unakutana na stesheni mbili tatu zimebanana mwishoni mwa mstari, kwingine kote kimya. Muuzaji atakwambia mawimbi hayaingii vizuri hapo kwa ajili ya maghorofa. Maghorofa hayana kosa.

Kuna aina moja ya Kijapani ninayoisamehe. Zamani chaneli zao za televisheni, ya 1 hadi ya 3, zilirushwa kati ya megahezi 90 na 108, na redio nyingi zilitengenezwa ziweze kudaka sauti ya TV. Hizo utaona kwenye kioo cha stesheni pameandikwa FM 76–108, au FM na pembeni yake "TV 1–3". Kama ni ya kuzungusha kwa mkono, yenye mshale unaotembea, itashika stesheni zetu zote. Kama ni ya namba za kidijitali kuwa mwangalifu: baadhi yake zinaruka kutoka chaneli ya 1 kwenda ya 2 na ya 3, hazisimami katikati. Redio ya kuzungusha fundi anaweza pia kuifungua akachezea koili masafa yakapanda. Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi enzi zangu. Ya kidijitali siigusi, na anayekwambia anaiweza mwombe akuonyeshe moja aliyokwisha kuimaliza.

Basi kabla ya yote mpigie mama simu, akutajie stesheni tatu anazozipenda, na umwombe mjukuu asome namba zake. Namba hizo uende nazo dukani. Hata kama Dar hazisikiki, lazima zipatikane kwenye redio unayoinunua.

Sasa CD. Hapa ndipo watu wengi hukosea njia, kwa sababu huchagua redio kwanza, halafu ndio wanazikumbuka CD. Wewe anza na zile 60. Kinachoitwa CD nyumbani kwa mama ni vitu vitatu au vinne tofauti vyenye umbo moja.

Kuna CD ya sauti ya kawaida, nyimbo 8 au 10 au 15, dakika 74 hadi 80 kwa jumla. Hiyo kila mashine inaipiga, tangu ile ya kwanza ambayo Sony waliiingiza sokoni Japani mwaka 1982. Halafu kuna CD ya MP3, ile ambayo kijana wa steshenari alimchomea "nyimbo 150 ndani ya moja". Humo sauti imebanwa, na CD moja inabeba saa 10 na zaidi. Msahafu mzima uliosomwa ukaenea kwenye CD mbili au tatu, jua ni MP3. Kwa CD ya kawaida ungehitaji rundo. Mashine isiyo na uwezo wa MP3 itaizungusha CD hiyo, itafikiri, kisha itakuandikia kwamba haina kitu ndani. Kwa hiyo herufi MP3 lazima uzione zimeandikwa kwenye mwili wa mashine. Maneno ya muuzaji peke yake hayatoshi.

Inayoumiza wapenzi wa taarabu hasa ni ya tatu: VCD. Miaka ya 2000 taarabu na kaswida nyingi ziliuzwa kwa VCD, za kuweka kwenye deki na kutazama kwenye TV. Ukiishika mkononi huioni tofauti yake na CD. Redio ya CD haisomi video, kwa hiyo haitakupa picha wala sauti. DVD ndiyo mbali zaidi, hata mwanga wa leza yake ni mwingine: CD inasomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa ya 650. Nimewaona wazee wamerudi dukani na mashine nzima kabisa wakidai wameuziwa feki, kumbe wamejaribu VCD nne mfululizo.

Kuzitambua ni rahisi. Nenda na mkoba wa CD kwenye steshenari yenye kompyuta inayosoma CD. Ukifungua ukakuta Track01, Track02 na kuendelea, hiyo ni ya sauti ya kawaida. Ukikuta mafaili yanayoishia na mp3, umeshajua. Ukikuta folda iliyoandikwa MPEGAV, hiyo ni VCD. Weka alama kwenye kava kwa kalamu, herufi moja inatosha. Kama VCD ni nyingi, mlipe kijana atoe sauti peke yake na aihifadhi.

Na ukiwa hapo hapo, nakili kila kitu kwenye flashi. CD za kiwandani zimegongwa vishimo kwenye plastiki, lakini za kuchoma zina rangi maalumu ndani ambayo leza huiunguza wakati wa kurekodi, na rangi hiyo inachakaa kwa jua na joto. CD aliyochomewa mwaka 2010 na ikalala miaka yote dirishani Pangani, huenda leo inasomeka na mwakani isisomeke. Pia waambie wajukuu jambo moja ambalo watu hulielewa kinyume: upande wa kuogopa ni wa juu, wenye maandishi. Data iko chini kidogo tu ya maandishi hayo. Mkwaruzo mdogo upande wa chini mara nyingi husafishika; wa juu ukibanduka hata kwa ukucha, hapo hapana fundi. Zile wanazoandika juu yake kwa kalamu ya ncha ngumu ziko hatarini zaidi.

Nimefika kwa mume wako, na sitaki kuwagombanisha. Kuhusu flashi hajakosea. Haichubuki, haina lenzi ya kuchoka wala mota ya kuvuma. Lakini mwulize, mama atajuaje kipi kiko wapi? CD anaijua kwa kava lake, kwa picha ya mwimbaji, kwa kona iliyovunjika siku ya harusi ya fulani. Flashi yenye mafaili 700 kwake ni gunia la choroko na kunde zilizochanganyika. Bluetooth nayo inataka simu, na simu ya nyumba ile, bila shaka, iko mfukoni mwa mjukuu aliyekwenda uwanjani. Sabufa ndiyo siitaki kabisa kwa kazi hii. Imetengenezwa kutikisa ua. Besi inajaa chumba, sauti ya msomaji habari inazama ndani yake kama mtu anayeongea chini ya godoro, na ukiiweka juu ya kabati la vyombo, vikombe vitaanza kucheza kabla ya mtu yeyote.

Kwa hiyo tafuta mashine yenye vyote viwili, CD na tundu la flashi. Mama apige CD zake kama alivyozoea, na flashi ikae kama akiba, siku CD fulani ikigoma iwe imeshanakiliwa. Tumia flashi ndogo, ya GB 16 au 32. Kubwa zaidi ya hapo mashine hizi nyingi zinazikataa kwa sababu ya mpangilio wake wa ndani. Kila CD ipewe folda yake, na nyimbo zianze na namba, 01, 02, ili zipigwe kwa mpangilio anaoujua.

Kuna redio za mezani za CD ambazo mdomo wake ni mpasuo, CD inamezwa yenyewe. Zinapendeza. Kwa mama usichukue. Lenzi huwezi kuifikia bila kufungua skrubu, na CD ikinasa, au mtoto akisukuma shilingi humo, ni safari ya kwa fundi. Kisahani kinachotoka kama ulimi ni afadhali, ila kina gia za plastiki na kimkanda kidogo kinacholegea kwa joto. Mimi kwa mzee huchagua mfuniko wa juu, ule wa kufungua kama sufuria. Una kasoro yake: hauwezi kukaa ndani ya rafu fupi, na ukiachwa wazi vumbi linaangukia lenzi moja kwa moja. Lakini mkono unaotetemeka unaweza kuiweka CD katikati na kuibonya mpaka isikike "tak". Mwonyeshe mama sauti hiyo. CD isiyobonywa vizuri itazunguka kombokombo na kusugua.

Tukiwa kwenye lenzi: ni kijicho cha plastiki, kidogo kama punje ya mtama, na kwa mfuniko wa juu unakiona. Pamba ya masikioni, tone la spiriti ya isopropili kutoka duka la dawa, unagusa taratibu, unaacha kikauke. Usitumie marashi, usitumie mate, usikikandamize. Asilimia kubwa ya mashine ninazoletewa na malalamiko ya "inaruka" hazihitaji zaidi ya hapo. Ukimpelekea fundi akaiweka sawa kwa dakika tano bila kusafisha kitu, mwulize kama amezungusha kile kiskrubu kidogo cha kuongeza nguvu ya leza. Sisi mafundi tunajuana. CD italia vizuri kabisa, na leza itakufa miezi michache baadaye, nawe utarudi kununua lenzi nyingine kwake.

Kuhusu ukubwa wa sauti usisome boksi. Ukiona PMPO 800W, hiyo ni namba ya kuuzia. Wati za kweli huandikwa RMS, na kama hazikuandikwa rudi kwenye kibandiko cha nyuma utazame mashine inakula umeme kiasi gani. Kama inakula wati 15, haiwezi kutoa 800, kama ambavyo huwezi kumimina debe kutoka kwenye kikombe. Kwa chumba cha mama, wati 2 za kweli kila upande zinatosha, 5 ni neema. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio.

Kitu kinachobadilisha sauti ni spika na sanduku lake. Tazama spika isiwe chini ya sentimita 8. Gonga sanduku kwa kifundo cha kidole: likilia kama kopo, na muziki utalia kama kopo. Redio za mbao za zamani hazikuwa na maajabu, zilikuwa na spika moja nzuri ndani ya sanduku gumu. Wazo hilo halijazeeka. Mmarekani Henry Kloss alilirudia mwaka 2000 kwenye Tivoli Model One, spika moja, sanduku la mbao, vitufe vitatu vya kuzungusha, na watu wakaipenda ulimwengu mzima. Lakini hiyo ya mwanzo haina CD. Kampuni ya Bose nao walikuja na redio ya Wave mwaka 1993, ambayo ndani ina njia ndefu iliyokunjwa kunja ili sanduku dogo litoe besi kubwa. Toleo lao la mwaka 2004 lenye CD lina sauti tamu kweli, ila mwilini halina kitufe hata kimoja, kila kitu ni kwa rimoti, na mdomo wake ni ule wa kumeza. Zinafika Kariakoo na Zanzibar kwa mtumba. Rimoti ikipotea, na itapotea, mama atabaki na sanduku zuri lisilomsikia.

Vitufe basi. Nataka kinundu cha sauti cha kuzungusha, kikubwa, kinachoshikika gizani. Nataka kitufe cha kupiga CD na cha kusimamisha viwe mbalimbali, na maandishi yasomeke bila miwani. Na kuna jaribio moja ambalo sijawahi kumwona mteja akilifanya. Dukani, redio ikiwa inalia, chomoa waya ukutani. Hesabu mpaka 60, rudisha. Je, imewaka yenyewe? Imebaki kwenye stesheni ile ile? Stesheni ulizohifadhi zipo? Baadhi ya mashine za kidijitali zikikatikiwa umeme husahau kila kitu na kurudi mwanzo kabisa, saa inawakawaka 0:00 na stesheni zote zimefutika. Mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara hilo ni jambo kubwa kuliko sauti. Redio ya mshale haina kumbukumbu ya kupoteza. Mshale unakaa pale ulipouacha. Kwa umri wa mama, na kwa stesheni zake tatu, mimi ningechukua ya mshale bila kusita, halafu ningechora vidoti vitatu kwa rangi ya kucha kwenye kioo.

Betri. Mashine nyingi za aina hii zina nafasi ya betri nene za tochi, sita au nane. Kwa redio peke yake zitadumu, lakini CD ina mota na leza, inazinywa upesi. Mwambie umeme ukikatika asikilize redio, CD zisubiri. Na betri zisikae ndani miezi na miezi bila kutumika. Zikivuja maji yake yanakula vibati vinavyoshika betri, na kwa hewa ya Pangani kazi hiyo haichukui muda. Zile zenye betri ya kuchaji ya ndani ni nzuri mwaka wa kwanza. Kabla hujanunua, uliza kama betri hiyo inabadilishwa. Ukiona imegandishwa humo kwa gundi, unanunua kitu chenye tarehe ya kufa.

Hewa ya chumvi nayo inahitaji neno. Redio isikae dirishani wala kwenye ukuta unaotoa jasho wakati wa masika. Vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu hufunika redio, na siwezi kumwambia mama yako asifunike maana hatanisikiliza, viwekwe ikiwa imezimwa tu, kwa sababu matundu ya nyuma ni ya kupumulia. Na miguuni weka vipande vinne vya kandambili iliyochakaa. Besi haitashuka kwenye kabati, na vikombe vitatulia.

Stesheni hazitakusumbua sana. Mwambao mko vizuri: FM hutembea kama jicho linavyoona, na kati ya Pangani na Unguja ni maji matupu, hakuna mlima. Kama mama anapenda redio za Zanzibar, redio ikae upande wa nyumba unaoelekea bahari. Antena ya fimbo haihitaji kuvutwa yote. Kwa FM urefu kama wa sentimita 75 ndio unaoitikia vizuri. Sauti ikiwa na mvumo, tafuta swichi ya MONO, bonyeza, mvumo utapungua. Watu wengi hawajui kazi ya swichi ile. Kama bado ana mazoea ya AM, antena yake imo ndani, kwa hiyo unageuza redio nzima mpaka ushike vizuri. Na ukisikia muungurumo wa ghafla zima taa ya LED au chomoa chaja ya simu iliyo karibu, mara nyingi ndizo zinazochafua. Masafa mafupi, yaani SW, mwulize mwenyewe kama anayahitaji. Kwa miaka mingi redio ya serikali ya Zanzibar ilisikika kilohezi 11735, na mimi namba hiyo bado iko kichwani kama namba ya jirani. Redio nyingi za CD za siku hizi hazina SW kabisa, nami singeongeza hela kwa ajili yake. DAB, ile redio ya kidijitali ya Ulaya, usiilipie hata senti; ndugu aliye Uingereza akikupa yenye DAB mshukuru, utatumia upande wake wa FM.

Sasa siku ya kununua. Uende na CD tatu za mama: moja ya kiwandani, moja ya kuchoma, na moja ile inayoruka. CD za kuchoma hurudisha mwanga hafifu kidogo kuliko za kiwandani, na za aina ya CD-RW, zile za kufuta na kuchoma tena, hurudisha robo ya mwanga au chini, wakati za kiwandani ni asilimia 70 na zaidi. Lenzi dhaifu itapiga ya dukani vizuri ikakataa ya wajukuu. Weka ya kuchoma, kisha ruka moja kwa moja mpaka wimbo wa mwisho. CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko lenzi na reli yake zinakofichua uchovu. Wakati inapiga, gonga meza kwa kiganja. Itulie. Halafu weka mawaidha, sauti ya mtu mmoja anayeongea, uishushe mpaka chini kabisa kama mtu anayesikiliza alfajiri bila kuamsha nyumba. Maneno yasikike yote. Baada ya hapo ipandishe hadi mwisho usikie kama inakwaruza, ingawa mama hatafika huko.

Kwa laki 3 utapata mpya ya kampuni inayojulikana kama hutakimbilia taa za rangi, au mtumba mzuri wa Ulaya au Dubai wenye kibandiko cha 220–240V, ambao kwa kweli ndio ninaoupenda: ni mzito, spika zake zina sumaku kubwa, na FM yake inafika 108. Mpya ina faida ya waranti, lakini uliza waranti hiyo inafanyiwa wapi. Kama jibu ni Dar peke yake, hesabu nauli ya kutoka Pangani. Duka la Tanga lenye bei ya juu kidogo linaweza kuwa rahisi zaidi.

Ukibakiwa na hela baada ya hayo, usizirudishe mfukoni bado. Ile redio kaseti iliyokufa, ilikufaje? Kama redio inashika na kaseti ndiyo haizunguki, huo ni mkanda wa mpira tu. Na kama ana CD 60, ana kaseti ngapi chini ya kitanda? Kama zimo za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya Tanga, hizo usimwache mtu azitupe. Mpelekee fundi yeyote mwenye subira, au njoo nayo kwangu, pamoja na ile CD inayoruka.